Steringi Wetu na Karanga za Mjomba

Igoma, Mwanza
11 Januari 2026

Nathaniel ni steringi! Kaka, kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Mwanangu, niliyemzaa mimi huyu huyu niliyeishia darasa la saba, amecheza filamu nzima, na bango lake limebandikwa hapa Igoma barabarani, sura yake kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Haya sasa, shikamoo kaka. Samahani kwa kutanguliza habari mbele ya salamu, lakini ingenipasua. Hamjambo huko Sengerema? Wifi Rose mguu unaendeleaje? Na masikio yako, bado yanagoma? Ningekupigia simu, lakini wewe siku hizi ukishasema "alo" unamkabidhi Rose, na habari hii sitaki ipitie kwa mtu. Ndiyo maana nimempa barua Kija wa mitumba, anakuja mnadani kwenu. Sisi wazima. Kuku wametaga.

Basi filamu inaitwa "Hodi ya Tatu". Ni ya uhalifu, mambo ya wizi na mauaji na polisi, kama zile za kutafsiriwa tunazoangalia kwa jirani yangu Mama Queen, DJ akiongea juu ya sauti zao. Itaonyeshwa ukumbini mjini Jumamosi tarehe 31. Nimeshawaambia kinamama wote wa kwaya, tunashona sare. Wengine wananiuliza, Mama Nathaniel, una hakika? Nawajibu, mwenye sura kubwa kwenye bango ni nani kama si steringi? Wewe mwenyewe unakumbuka gari la sinema lilipokuwa likija Misungwi tukiwa watoto. Sheria ni ile ile: steringi hafi, na mwishoni anapata mchumba.

Na mchumba ndiyo habari ya pili. Wazazi wa Bernadetta wamekubali kutupokea kwao Kagera baada ya Pasaka, Jumamosi tarehe 18 Aprili. Baba yake, Mzee Ponsian Kashaija, ni mtu wa maneno machache, amesema hivi: "Aje aliyemlea. Huyo bwana mifugo ambaye kijana anamtaja kila siku. Nitaongea na yeye, si na mwingine." Ni wewe huyo kaka. Tangu Mashimba wangu afariki, upande wa baba yake hajabaki mtu wa kusimama, na wewe ndiye uliyemkuza. Utakuwa msemaji wetu. Fua koti.

Ni mimi mdogo wako mwenye mtoto kwenye bango,
Kashindye


Sengerema
26 Januari 2026

Mdogo wangu Kashindye,

Marahaba. Rose anakusalimu, mguu wake ulipona kabisa siku ya harusi ya watu, ukarudi kuuma siku ya kupalilia. Masikio yamekataa. Mvua ipo, mihogo ipo, tunamshukuru Mungu.

Habari ya Nathaniel nimeisoma na kumsomea Rose kwa sauti, akaniambia nisipige kelele. Tumefurahi sana. Ila nina maswali. Huyu Nathaniel ndiye yule aliyejifungia chooni Krismasi tulipomwambia ashike jogoo tuchinje? Ndiye anayetengeneza majokofu na kumwomba mteja radhi kama vile yeye ndiye aliyeyaharibu? Sasa kwenye filamu ya uhalifu anafanya nini?

Usidhani nadharau. Mimi hizo filamu naziangalia sana tangu nistaafu, na ninaziangalia kimya, maana sauti na mimi tumeachana. DJ hawezi kuniambia adui ni nani, inabidi nitazame mwenyewe. Zamani ilikuwa rahisi, adui alijitambulisha: kovu, miwani myeusi, kicheko cha kichwa nyuma. Siku hizi wanachukua mtu mwenye sura ya katekista wanampa kisu. Majuzi niliona moja ya kule kwa Wakorea, mzee anamwagilia maua, anamvusha bibi barabara. Nikamwambia Rose, huyu ndiye mwema. Rose anayesikia akaniambia, huyo ndiye aliyewamaliza wote. Nilikasirika siku nzima. Kwa hiyo nauliza kwa upole: una uhakika na hiyo habari ya usteringi?

Kuhusu Kagera, nitasema, na nitasema vizuri. Koti limekwenda kwa fundi. Karanga nitaweka mfukoni kama kawaida. Miaka yote ya kuchanja ng'ombe sijawahi kuingia boma la mtu bila kukohoa kidogo, kuvua kofia na kuwagawia watoto karanga ili wanishikie ndama. Watoto wa Wahaya nao wana meno.

Kaka yako,
Masele


Igoma
4 Februari 2026

Kaka Masele,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili. Wifi mpe pole ya mguu. Mvua imetubomolea choo, lakini si kitu. Kuna mambo yamenichanganya kichwa hata sijui nianzie wapi.

Tulikwenda. Tulivaa sare, kitenge cha njano, tukakaa mstari wa mbele. Akatokea mwanangu. Kofia kichwani, koti, sura ya upole, nikapiga kigelegele. Anafika kwa mama mjane, anakohoa mlangoni kwa adabu, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, anavua kofia, anawapa watoto vitu vya kutafuna, watoto wanampenda. Nikamwambia mama mwenyekiti wa kwaya, unaona malezi hayo? Mara watoto wametumwa dukani. Mara ameshika mto. Mara ameukandamiza usoni kwa yule mama!

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Mama Nathaniel, huyu si ndiye steringi?"

Nikamwambia, "Subiri. Labda anamwamsha."

Kaka, hakuwa anamwamsha. Akaenda nyumba ya pili. Nikasema basi ni askari kanzu, anawachunguza majambazi kwa ndani. Akaenda ya tatu. Hata walipomfunga pingu mimi niliendelea kusema ni mbinu. Filamu ikaisha, taa zikawaka, na kinamama wote wa njano wananitazama mimi. Mwanangu ndiye adui. Anaitwa Mpole. Na inspekta anayemkamata, anayelia machozi kwenye mazishi, ni nani? Shigela! Yule jitu la kovu ambaye filamu zote amekuwa mwizi, hata akipita Igoma watu wanakumbatia mikoba. Huyo ndiye steringi!

Nieleze wewe unayejua kutazama. Kwa nini mtu achukue jambazi awe polisi, halafu amchukue mtoto wa kwaya awe muuaji? Hawana macho? Mama Queen anasema ndiyo ufundi, kwamba hata kwenye zile za nje waigizaji wa kuchekesha wanapewa mauaji na inakuwa ya kutisha zaidi, maana hukutegemea. Anasema watu walipiga makofi kuliko filamu yoyote. Ni kweli walipiga. Mtangazaji mmoja wa redio alisema mwanangu ndiye mwigizaji bora Kanda ya Ziwa. Sasa nifurahi au nilie? Nimewaambia watu kwamba steringi ni yule anayeonekana zaidi. Wengine wamekubali.

Nimempa Kija flashi, filamu yote imo. Angalia kwenye televisheni yako uniambie. Na ya tarehe 18 Aprili usisahau.

Kashindye


Sengerema
9 Machi 2026

Kashindye,

Marahaba. Hatujambo.

Filamu nimeiona. Wengi huku wameiona, inaonyeshwa kwenye kibanda cha video pale mnadani. Mtoto anaijua kazi yake. Mwambie nimesema hivyo.

Kuhusu Kagera, tafuteni msemaji mwingine. Mgongo unanisumbua.

Karanga za mwaka huu hazina wa kula, zimeota ukungu mfukoni.

Masele


Igoma
15 Machi 2026

Kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Mbona barua yako imekaa mwezi mzima halafu imekuja fupi kama risiti?

Mgongo gani? Mwezi wa kwanza ulikuwa unapeleka koti kwa fundi. Nakuletea dawa ya kuchua, Kija anayo, jipake ukikaa juani. Na karanga zianike, usiziache mfukoni, kila mtu anajua hivyo.

Nimefikiri mpaka nimechoka. Unaogopa safari? Gari linatoka hapa, linapita darajani, linakuja kukuchukua mlangoni kwako, siku hizi hakuna tena kungoja kivuko. Unawaogopa Wahaya kwa sababu wamesoma? Na sisi tuna mwigizaji bora Kanda ya Ziwa! Au unaona haya kwamba mpwa wako ameua watu kwenye filamu? Basi jua Mzee Kashaija ameiangalia na familia yake yote, na hakusema neno baya. Mkewe, Mama Kokuberwa, alimuuliza tu Bernadetta, "Haya matendo ya mlangoni kijana alijifunza wapi?" Mtoto akasema hajui. Mimi pia sijui. Alizaliwa na kipaji.

Nilimpelekea Mzee Kashaija neno kwamba labda aje msemaji mwingine. Jibu lake ni lile lile. Aje aliyemlea, na asipokuja ataelewa kuwa aliyemlea hamkubali kijana, na kama wewe humkubali yeye atampaje binti? Unaona kaka? Bila wewe hakuna posa. Bernadetta ameacha kuja Jumapili kula kwetu, anasema zamu za hospitali zimezidi.

Na kingine kinachonichanganya. Nilipomwambia Nathaniel kwamba umekataa, hakuuliza kwa nini. Alitoka nje akaanza kuosha pikipiki iliyokuwa safi.

Nijibu upesi.
Kashindye


Igoma
12 Aprili 2026

Kaka Masele,

Shikamoo. Hukujibu. Pasaka imepita bila neno lako. Kagera nimewaambia naumwa, tarehe wakasogeza, na baada ya kuwaambia nikaanza kuumwa kweli. Mzee Kashaija amekubali kungoja mara hii moja.

Sasa nisikilize, maana nimejua.

Juzi mchana Mama Queen alikuja na wageni wake kutoka Musoma, wanataka kumwona mwanangu. Nikaweka filamu kwenye televisheni ya Nathaniel. Sabufa imekufa. Tukaangalia hivyo hivyo, kimya, wageni wakilalamika. Akatokea yule Mpole. Na mimi, nikiwa sisikii sauti ya mwanangu, ndipo nilipomwona mtu. Anavyosimama upande upande mlangoni kama asiyetaka kuzuia mwanga. Kikohozi cha ngumi mdomoni. Kofia anaivua kwa mkono wa kushoto, anaifuta kwenye goti. Anaweka mkono mfukoni, anatoa kiganja cha karanga, anawapa watoto akiwa amechuchumaa.

Nikapiga kelele, "Huyu si ndiye kaka Masele!"

Mama Queen akasema, "Kaka yako ameua mtu?"

Nilicheka, kaka, nisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka barua yako, karanga zilizoota ukungu, na kicheko kikaisha. Wewe uliiona siku ya kwanza kwa sababu husikii. Mimi nilikuwa nasikiliza, nikamwona mwanangu tu. Na Sengerema nzima wanaosikia na wasiosikia wamekuona wewe. Je, ni hivyo? Watoto wanakukimbia? Hukutaka kusema.

Nilimngoja Nathaniel arudi kutoka kazini. Nikamuuliza, "Umemfanya mjomba wako muuaji?"

Nikachukua mwiko.

Akasema, "Mama, sikumfanya muuaji. Muongozaji aliwajaribu watu wenye makovu, na Shigela mwenyewe. Yule mama wa kwenye filamu akawa anasema, huyu mimi nisingemfungulia mlango. Ndipo muongozaji akatuuliza, mtu gani akikohoa tu nje kwenu mnafungua bila kuuliza ni nani? Mimi nikasimama nikaonyesha. Nilionyesha mara moja tu, wakasema basi, ni wewe."

"Na hukumwambia mjomba?"

"Nilitaka kumwambia. Nikaogopa. Halafu bango likatoka."

Kaka, sikujua nimpige au nimkumbatie, nikarudisha mwiko jikoni. Kwa sababu nilikumbuka wiki ile Mashimba alipofariki. Nilijifungia ndani, shemeji wamekuja nimekataa, mchungaji amekuja nimekataa. Kisha nikasikia kikohozi nje. Nilifungua nikiwa sijafunga hata kanga vizuri. Nathaniel alikuwa amejificha chini ya meza, ukamchuchumalia ukampa karanga. Alikuwa mdogo, nilidhani amesahau.

Sijui kama hili linatosha kukutoa hasira. Mimi bado kichwa kinazunguka: mtoto amechukua kitu kizuri kuliko vyote alivyonavyo akakiweka kwenye mto wa kuulia watu, na watu wanapiga makofi. Ndiyo ufundi huo? Lakini anakuja mwenyewe kwako. Nimemwambia asirudi hapa kama hajakuona.

Kashindye


Sengerema
3 Mei 2026

Mdogo wangu,

Marahaba, na dawa ya kuchua nimeipata, Rose anaipaka mguuni.

Mwanao alifika. Alipiga hodi, bila shaka zote tatu, mimi sikusikia hata moja. Rose alikuwa kisimani. Kwa hiyo alisimama nje muda mrefu mpaka nilipoinuka kutafuta miwani, nikatazama dirishani. Kashindye, niliona mgongo wangu mwenyewe umesimama nje ya nyumba yangu. Upande upande, kofia mkononi. Nilishtuka kama yule mjane.

Nilifungua. Hilo uliandike mahali: nilifungua.

Alianza kulia kabla ya kuongea, na mimi sisikii vizuri mtu anayelia, nikamwambia, "Sema kwa nguvu, au acha kulia, chagua moja."

Akapaza sauti, majirani wote wakasikia, "Mjomba, nisamehe, nilikuiba!"

"Ungeniiba ukanipa kazi ya inspekta," nikamwambia. "Angalau ungenipa bunduki."

Akacheka na makamasi.

Nikamweleza kilichonichoma, na wewe nakueleza, maana sikuweza kukiandika. Si filamu. Filamu ningeisamehe siku ile ile, nilikwambia mwenyewe adui wa siku hizi ana sura ya katekista. Ni watoto wa mnadani. Nikitoa karanga wanarudi nyuma. Wanasema, "Mpole! Mpole!" na kukimbia, wengine kwa mzaha, wadogo kwa kweli. Na Ng'washi, yule mama unayemjua, ambaye ng'ombe wake nilimzalisha kwenye matope mpaka mabegani, alifunga geti nilipokohoa. Akacheka, akasema anatania, akafungua. Lakini alifunga kwanza. Nilirudi nyumbani nikalitundika koti. Nikajiuliza, miaka yote hiyo watu walikuwa wananifungulia mimi, au walikuwa wanafungulia kikohozi? Maana kama mtoto anaweza kukichukua akakitumia kuua, basi hakikuwa na mtu ndani yake. Nikaona siwezi kwenda kukohoa kwenye mlango wa Mzee Kashaija.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Nathaniel akasema twende wote. Sikutaka. Rose akanivalisha koti kama mtoto wa shule. Tumefika kwenye njia ya mbuzi, tunakutana uso kwa uso na Ng'washi. Akamwona Nathaniel, Mpole mwenyewe wa kwenye filamu, mzima, anatembea juani. Kashindye, yule mama alipiga ukelele, akaruka, akajificha nyuma yangu. Ameshika koti langu kwa mikono miwili. "Bwana mifugo, nishike! Ndiye huyo! Anakuja!"

Mimi nikasema, "Huyo ni mpwa wangu, anatengeneza majokofu."

Akachungulia begani kwangu. Akamtazama Nathaniel, akanitazama mimi, akaangalia koti aliloshika. Ndipo akajua amekimbilia kwa nani. Alicheka mpaka akaegemea mbuzi wa watu. Kisha akanyoosha mkono, akasema, "Nipe basi hizo karanga zako, moyo unanidunda."

Nilikuwa sina. Ziliota ukungu, nilikuandikia. Nathaniel akaenda kununua.

Watoto nao walikuja, wamechanganyikiwa hawajui wamkimbie yupi. Wengi walimkimbia yeye, wakaja upande wangu. Alifurahi kukimbiwa, mjinga yule.

Koti nimelirudisha kwa fundi, Ng'washi alichana mshono wa nyuma. Niambie tarehe.

Masele


Igoma
17 Mei 2026

Kaka yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na wifi Rose mwambie akanyage huo mguu, safari ipo.

Barua yako nimewasomea kinamama wa kwaya wote. Nimewaambia, mnaona, si mtoto tu ndiye mwigizaji, anayeigizwa ni kaka yangu, filamu yote imetoka kwetu. Mama Queen anasema basi kwa hesabu hiyo wewe ndiye steringi. Hapo nilichanganyikiwa tena, lakini safari hii kwa raha, sikubisha. Na Shigela wa kovu anakuja nasi, ni rafiki wa Nathaniel, kumbe anaimba sauti ya nne na anaogopa mbwa. Mwandalie kiti kigumu. Ukimwona usikumbatie begi.

Bernadetta amerudi kula Jumapili. Alimweleza mama yake matendo ya mlangoni yalikotoka, na Mama Kokuberwa akasema, "Nilijua kuna mtu." Neno lake lilikuwa hilo tu. Mzee Kashaija ametuma salamu: mlango atafungua mwenyewe, hatatuma mtoto. Anangoja kikohozi.

Kwa hiyo hodi ni yako, kaka, hakuna wa kukusaidia. Nathaniel nimemkataza kukohoa tangu Geita mpaka turudi. Nunua karanga mpya, za kutosha, wajukuu pale ni wengi. Kwaya watakuja, Mama Queen atakuja, Shigela, Rose, na Ng'washi kama anataka akae kiti cha nyuma. Gari linatupitisha kwako Ijumaa tunalala hapo, na wote, bila kukosa hata mmoja, tunatarajiwa kwa Mzee Ponsian Kashaija Jumamosi, tarehe sita Juni.